Hukumu ya Tangi la Asali

Nimeandika mengi ya kipuuzi maishani, lakini sentensi mbaya kuliko zote ina maneno matano tu: "Mfumo wa umeme hauna kasoro." Niliiandika Kibondo, katikati ya miaka ya tisini, juu ya boneti ya gari la mradi ambalo dereva wake alikuwa ameshaliwasha ili nijue kwamba ana haraka. Kisha nikaipigia mstari kwa rula. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, shahada ya uhandisi wa umeme na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Kijana wa namna hiyo hapigi mstari kwa sababu ya maana. Anapiga kwa kuwa rula anayo.

Sentensi hiyo nusura imfukuzishe mwanamke mmoja katika chama cha wafuga nyuki. Nikiikumbuka bado napandwa na hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo ni langu mwenyewe, ingawa nitajitahidi kuwagawia na wengine haki yao.

Kazi yangu ilikuwa Kasulu, katika karakana ya mradi uliogawa pampu za maji, mashine za kukoboa na matumaini. Pampu na mashine zilikuwa na vipuri. Moja ya zawadi za mradi ule ilikuwa tangi la kupashia asali, lililopelekwa kwa chama cha wafuga nyuki cha Kibondo. Asali ya kule hutoka msituni, kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, na huvunwa kwa moto na moshi. Ikifika mjini inakuwa na nta, majivu na miguu ya nyuki. Lazima ipashwe kidogo ili ilainike na kupita kwenye chujio. Tangi lilikuwa na kuta mbili, katikati yake maji, na ndani ya maji hita za umeme. Asali haitaki moto mkali. Ikipata joto la paji la uso la mtu mwenye homa, inapita vizuri. Ikichemka inakuwa nyeusi, chungu, na inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kitu kilichowasha na kuzima hita zile kilikuwa rilei. Rilei za zamani mtu aliweza kuzisikia, maana ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichovutwa na kuachiwa, na kila kilipofanya kazi kiligonga: ta! Hii ya tangi ilikuwa ya kisasa, haikuwa na kitu cha kucheza ndani. Ilikuwa tofali dogo jeusi, ukubwa wa kiberiti, lenye skrubu nne na taa nyekundu ndogo kuliko punje ya ulezi. Maji yakipoa, kipimajoto kiliiamuru ipitishe umeme, taa ikawaka. Maji yakifika joto linalotakiwa, kiliiamuru izuie, taa ikazimika. Yote kimya kimya, kama ofisi ya umma mchana wa Ijumaa.

Asali ya kila mwanachama ilipashwa peke yake ili kila mtu ajue yake imetoka vipi. Wengi walileta debe moja, au mawili mwaka ukiwa mzuri. Mwanamke ninayemzungumzia alileta madebe sita. Alikuwa mjane wa kijiji cha Kumsenga, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, mdogo wake mgongoni, wazazi wake wakikimbia vita, na baada ya kuolewa alipata uraia pamoja na mumewe. Mume alipofariki alimwachia mizinga sitini. Wanaume wakasubiri aiuze, kwa kuwa mwanamke hapandi mti wa mzinga. Akapanda. Walicheka msimu mmoja, msimu wa pili wakaona madebe yake, wakaacha kucheka. Sikusema walifurahi.

Siku ya madebe sita, katibu wa chama aliipima asali mlangoni kama alivyowapimia wote. Katibu alikuwa mwenye duka mjini, Mwislamu mwenye ndugu pwani, mtu wa kanzu safi na ulimi mkali. Kipimo chake kilikuwa kuchovya njiti ya kiberiti katika asali, kuipangusa, na kuiwasha. Ikiwaka, asali haina maji wala sharubati ya sukari. Darasani kipimo hicho kisingepata hata alama ya huruma, lakini ndicho chama kilichokubaliana nacho. Njiti iliwaka. Katibu akaandika "safi".

Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha tangi na ndiye aliyewasha swichi, akaenda kunywa chai. Alikuwa ofisa mstaafu wa kata, na chai ya ofisa mstaafu ina mazungumzo ndani yake. Aliporudi mchana tangi lilikuwa linachemka na asali yote imekuwa lami.

Mtu mwingine angesema "mashine imeharibika" au "nilichelewa". Mwenyekiti alisema, "Asali safi haiungui. Inayoungua ni sukari."

Hakuna asali isiyoungua. Lakini uongo uliosemwa kwa utulivu na mtu mwenye ufunguo una nguvu ya ajabu, na mwaka ule ulikuwa na masikio yaliyo tayari kuupokea. Malori ya chakula cha makambi yalikuwa yakipita kila siku, wakimbizi wapya wakiingia kwa maelfu, kuni zikiisha, mihogo ikiibwa mashambani. Neno "watu wa kuja" lilitosha kueleza lolote, na lilimfunika hata mama aliyekuja kabla ya nusu ya wanachama wenzake kuzaliwa. Kamati ilipendekeza jina lake lifutwe katika mkutano mkuu. Hilo halikuwa jambo la aibu tu. Kibali cha kutundika mizinga katika msitu wa hifadhi kilikuwa cha chama. Asiye mwanachama mizinga yake haina mwenyewe, na walinzi wa msitu wakiikuta wanaichoma. Jina likifutwa, mizinga sitini inakwenda nalo.

Katibu, ambaye njiti yake nayo ilikuwa imetiwa doa, akasisitiza kwanza aitwe mtaalamu. Ndipo nikaitwa.

Nilifika saa tatu asubuhi. Katika nyanda zile za juu asubuhi ya kiangazi ni baridi hasa. Mwenyekiti alikuwa ndani ya koti zito. Jenereta lilikuwa na dizeli ya dakika kumi. Nikageuza kitasa cha kipimajoto kulia, taa ya rilei ikawaka. Nikageuza kushoto, ikazimika. Nikageuza tena kwa ajili ya watazamaji. Mita ya kubana waya, ambayo ingenionyesha kama umeme wenyewe umekatika kweli, ilikuwa Kasulu ndani ya kabati la mkuu wa karakana, na mkuu wa karakana alikuwa harusini. Sikuona hasara. Si taa nimeiona?

Mama wa Kumsenga alisimama mlangoni muda wote. Nilipoanza kufunga bisibisi zangu alisema, "Fundi."

"Injinia," nikamsahihisha.

"Ego, ndiyo, fundi. Umeiangalia ikiwa imechoka?"

"Imechoka vipi?"

"Siku yangu ilifanya kazi tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Wewe umeiamsha sasa hivi. Hata mimi asubuhi nabeba debe bila kulalamika. Njoo uniulize saa nane."

Watu wakacheka, na nikaona ni vema wacheke kwa upande wangu. "Umeme hauchoki, mama," nikasema, nikatoka kwenda kwenye boneti na rula yangu.

Kamati iliisoma sentensi yangu kama hukumu. Umeme mzima, tangi zima. Basi mbovu ni asali, na mbovu wa asali ana jina.

Wiki kadhaa baadaye kifurushi kilifika Kasulu. Wafadhili wa tangi, waliosoma taarifa ya asali kuungua, walikuwa wametuma rilei moja ya akiba na kijisanduku, ukubwa wa nusu kipande cha sabuni ya mche, cha kuilinda rilei na kutoa taarifa ikiharibika. Niliisoma karatasi yake ya maelezo mchana, mbele ya ugali wa muhogo na migebuka miwili ya ziwani. Ilisema kwamba rilei za aina hii zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zinapitisha umeme. Ilisema taa ndogo iliyo juu yake huonyesha kwamba amri imefika, haionyeshi kwamba amri imetiiwa. Na ilisema kwamba rilei isiyobanwa vizuri kwenye bamba lake la kupozea inaweza kufanya kazi safi ikiwa baridi, kisha ikipata moto ikagoma kuzima.

Migebuka ilianza kunitazama. Nilikuwa nimempima mgonjwa wa homa za mchana saa tatu asubuhi, nikamwandikia cheti cha uzima.

Mtu mwenye adabu angeandika barua siku ileile. Mimi nilijiambia kwamba "inaweza" si "imefanya", kwamba karatasi haikutaja Kibondo, kwamba mhandisi hatoi taarifa kabla ya kupima. Chuo kikuu kilinifundisha mambo mengi, na mojawapo ni namna ya kuuita woga uangalifu. Safari hii niliibeba mita. Rilei mpya niliiacha chini kabisa ya sanduku, maana kuibadilisha ile ya zamani kungekuwa kukiri.

Nilifika siku ya mkutano mkuu wenyewe. Vumbi la barabara ya Busunzu lilikuwa limenipaka rangi moja na madebe. Wanachama walikuwa wakikusanyika katika banda lililoungana na chumba cha tangi, wakikaa kwenye mabenchi ya mikaratusi, wengi wamekuja na asali yao ya msimu ili ipashwe baada ya mkutano. Nikaanza kufunga kifaa huku wakitazama kupitia mlango. Waya mbili zinakwenda kwenye amri ya kipimajoto, ili kifaa kisikie kinachoamriwa. Waya mbili zinakwenda kwenye rilei, moja upande umeme unapoingilia, moja upande unapotokea, ili kione kinachotendeka. Nyingine mbili nilizipeleka kwenye kontakta, ile swichi kubwa ya mlango wa umeme wote, ili mambo yakienda kombo ikate. Taa ya kijani maana yake amri na tendo vinalingana. Nyekundu maana yake umeme unapita bila amri. Nyekundu ya kupepesa maana yake amri imetoka ila umeme haupiti, labda hita imekatika.

Niliwaeleza hayo kwa sauti. Mmoja akasema, "Kumbe ni mlinzi." Jina likakaa hapo hapo.

Kasoro moja ya karakana yetu ilikuwa kwamba tulikuwa na rola moja tu ya waya, nyeusi. Waya sita nyeusi zikitokea pamoja ni kama mapacha sita. Mama yao awajue. Nilipowasha, kitasa cha kipimajoto kikiwa bado kushoto, mlinzi aliwaka nyekundu papo hapo na kontakta ikagonga: ta! Na wakati huohuo mama wa Kumsenga alikuwa anaingia na debe kichwani. Alilitua, akapiga makofi taratibu kuwaamkia watu kama ilivyo desturi, "Mwakeye." Makofi machache yakamjibu.

"Imemwona!" akasema mwenyekiti.

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Si wote waliocheka kwa utani.

"Hapana," nikasema. "Nimekosea waya. Zote mbili nimezifunga upande mmoja wa rilei, kwa hiyo kifaa kinadhani mlango uko wazi na umeme unapita. Ni kosa langu."

"Injinia ana huruma," mwenyekiti akawaambia watu. "Anamficha."

Nilirekebisha waya, taa ikawa kijani, na hakuna aliyejali tena rangi ya kijani. Mwenyekiti alisimama mbele akatangaza kwamba kamati imepata kipimo kutoka ng'ambo, na kwa kuwa chama hakimwonei mtu, asali ya mama itatiwa ndani ya tangi kwanza. Taa ikibaki kijani, shauri liahirishwe. Ikiwa nyekundu, jina lifutwe leo.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mzee, kifaa hiki hakipimi asali. Hakijui kama ndani kuna asali au uji. Kinapima rilei."

"Si umesema kinaonyesha palipo na ubovu?"

"Ubovu wa rilei!"

"Rilei uliandika mwenyewe kwamba haina kasoro." Akatoa karatasi yangu mfukoni mwa koti, akaifungua mbele ya watu. Mstari wa rula ulionekana mpaka benchi la nyuma. "Au msomi anaandika mambo mawili?"

Fikiria ukatili wa jambo lile. Taa ile ingewaka nyekundu kwa sababu moja tu, kwamba mwanamke yule alisema kweli. Na ikiwaka ndipo angefukuzwa. Mabibi na mabwana wa zamani walihukumiana kwa maji ya moto na chuma cha moto, nasi tulisoma hayo shuleni tukatikisa vichwa. Hapa hukumu ileile ilikuwa imeletwa kwa ndege, na aliyeifunga ukutani kwa skrubu nne ni mimi. Nilifungua mdomo niseme yale niliyosoma mbele ya migebuka. Badala yake nikainama kukaza skrubu iliyokuwa imeshakazwa.

Aliyesema ni mama.

"Nimekubali taa," alisema. "Lakini asali yangu isiingie. Tieni maji."

"Maji ya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Ya mtoni. Jazeni tangi lijae kama siku yangu, si debe moja wala mawili. Liwake kama siku yangu, mpaka saa nane. Taa ikiwa nyekundu, nitataka kujua sukari imeingiaje mtoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kingeeleweka na yeyote aliyehesabu madebe: asali za wengine zilipona kwa sababu zilikuwa kidogo, zikawahi kutoka kabla rilei haijapata moto. Kosa lake lilikuwa kuwa na asali nyingi.

Mwenyekiti alisema dizeli ya chama si ya kuchemshia maji ya mto. Katibu akasimama, akakung'uta kanzu. "Dizeli natoa mimi, bwana. Njiti yangu iliwaka siku ile mbele ya macho yako. Kama mama huyu mwongo, basi na mimi mwongo, nami sijazoea."

Wanachama wakaanza kucheka tena, safari hii kwa upande mwingine, na vijana wa chama pamoja na wamama wakachukua ndoo. Tangi lilijaa. Saa nne niliwasha.

Tulikaa. Watu walitafuna karanga, wakazungumzia mvua. Mimi nilikaa juu ya kisanduku changu cha vifaa nikiitazama taa ya kijani, na sitaki kujipamba: kwa saa mbili za kwanza nilitamani ibaki kijani. Ikibaki kijani mimi nimepona. Nilimwona mama ameketi sakafuni, amenyoosha miguu, anaitazama taa hiyohiyo, na yeye ndiye mtu pekee mle bandani aliyehitaji iwe nyekundu. Tulikuwa tukiomba vitu viwili tofauti kwa taa moja. Sijui ni saa ngapi nilipohama upande. Najua nilichelewa.

Maji yalifika joto lake saa sita na nusu. Taa ya rilei ikazimika, mlinzi akabaki kijani. Maji yakapoa kidogo, rilei ikawaka, ikazimika tena. Mara ya pili, ya tatu. Mwenyekiti akatazama saa yake akasema, "Umeme ni mzima, kama injinia alivyoandika." Katikati ya mzunguko wa nne au wa tano, taa ndogo ya rilei ilizimika kwa utaratibu wake wote, na mlinzi akawaka nyekundu. Kontakta: ta!

Hakuna aliyecheka. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Na asubuhi si iliwaka hivyohivyo? Labda fundi kakosea waya tena."

Ilikuwa haki yangu kuambiwa hivyo. Nikatoa mita, nikaibana kwenye waya wa hita, nikamwita mwenyekiti aishike mwenyewe. Nikaibonyeza kontakta kwa mkono ili umeme urudi. "Taa ya rilei imewaka?"

"Haijawaka," akasema.

"Kipimajoto kimeamuru izime. Sindano ya mita iko wapi?"

Katibu akachungulia begani kwa mwenyekiti. "Sindano imesimama kama askari, bwana. Umeme unapita." Akageukia tangi, kisha mkutano. "Haya maji mwenyewe nani, jamani? Tufute jina lake!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Nilifungua rilei ile kwa kitambaa maana haikushikika. Chini yake, kati ya rilei na bamba la kupozea, kulikuwa na rangi ya kijivu ya kiwandani, safu nene ambayo hakuna aliyeikwangua, nami ndiye niliyelipokea tangi Kasulu na kusaini kwamba limekaguliwa. Nilifunga ile mpya, bamba limekwanguliwa mpaka chuma kikang'aa.

Wakati nafanya hayo mwenyekiti alikuwa ameshapata sauti yake. "Basi, ndugu wanachama, yamekwisha. Mama amesamehewa. Katibu, andika: amesamehewa. Tuendelee na ajenda."

Watu wakapiga makofi. Nakiri na mimi nilipiga, bisibisi mkononi. Ndivyo tulivyozoea. Anayeonewa akiachiwa, tunashangilia wema wa aliyemwachia.

Mama alisimama. "Mmenisamehe nini?"

"Mama, shukuru," akasema mwenyekiti. "Mambo yameisha."

"Oya, hapana. Nauliza. Mmenisamehe nini?"

Katibu, aliyekuwa ameshaliandika lile neno, akainua kalamu.

"Anayesamehewa amekosa. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudokoa, lakini najua neno likilala kwenye daftari halizeeki. Mimi nitakufa. Mwanangu atakuja kuomba mizinga yake, atafunguliwa daftari, ataambiwa: mama yako alitia sukari, tukamsamehe. Na wewe mwenyekiti utakuwa umekufa, hutakuwepo kumwambia ulikuwa unakunywa chai."

Hapo ndipo hatimaye nilipoinuka, nikaomba niseme. Nikasema mfumo wa umeme ulikuwa na kasoro. Nikasema niliupima ukiwa baridi, kwa kuangalia taa ya amri bila kuangalia umeme wenyewe. Kwamba mama aliniambia niupime ukiwa umechoka nikamcheka. Kwamba nilisoma ukweli Kasulu kabla sijaja, nikaja nao umefungwa mdomoni. Nikaiomba karatasi yangu kwa mwenyekiti nikaichana. Nilitarajia kitu, sijui nini. Pengine kwamba mama atanipa mkono, kama inavyokuwa katika hadithi ambazo watu kama mimi hujiandikia.

"Kaa chini, fundi," alisema bila kunitazama. "Huyu katibu bado hajaandika upya."

Katibu alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika akisoma kwa sauti: "Hakukosa. Tangi ndilo lililounguza asali yake." Mwenyekiti akasema daftari likikatwakatwa hasaini. Mama akalivuta debe lake mpaka mlangoni mwa chumba cha tangi, akalikalia.

"Basi leo hapashwi mtu," alisema.

Wanachama walikuwa na asali yao miguuni na safari ndefu za kurudi, wengine mpaka mipakani mwa wilaya. Walimtazama mama, wakalitazama tangi, kisha wote wakamgeukia mwenyekiti. Hakuna aliyemtetea mama kwa hoja ya haki, nataka hilo lijulikane. Walichotaka ni mlango. Lakini walimtazama mwenyekiti kwa muda mrefu kiasi kwamba alitoa kalamu, akasaini, akafunga kofia ya kalamu kwa nguvu kama anayenyonga kitu. Mama alimtaka katibu asome tena, halafu asome mara ya pili, ndipo akaondoka mlangoni.

Hakuna aliyemwambia pole. Asali iliyoungua haikutajwa na kamati siku ile wala baadaye, wala na mradi wetu, ambao ulinipa barua ya pongezi kwa kufunga kifaa kwa mafanikio. Barua ninayo bado. Ilipigiwa mstari.

Mwaka uliofuata, katibu alipopita Kasulu kununua bidhaa za duka, alinisimulia uchaguzi wa chama. Walimrudisha mwenyekiti yuleyule. Kura zilikuwa za kunyoosha mikono. Walipoulizwa wanaosema ndiyo, karibu banda zima likanyoosha, na katibu akakiri kwamba mkono wake ulikuwemo. Walipoulizwa wanaosema hapana, alikuwepo mmoja, amekalia debe lake. Hakunyoosha mkono. Alisimama, akabaki amesimama mpaka walipomhesabu.